Ni Nani Awezaye Kuifungua? Uchambuzi wa Kisa cha Sefu za Nyumba ya Wageni Mjini Lamu

Mwezi wa Januari, upepo wa kaskazi ukiwa umeshika na vyumba vya mtaa wa Mkomani havipatikani ila kwa kuagiza mapema, mgeni wa nyumba moja yenye vyumba tisa alishuka kutoka ghorofa ya kwanza akamweleza meneja kwamba bahasha yake ilikuwa na yuro 1,900 na sasa zimesalia 1,200. Bahasha hiyo aliiweka ndani ya sefu ya chumbani. Sefu alikuwa ameikuta imefungwa, namba yake ya siri ikifanya kazi kama kawaida, na mlango hauna hata mkwaruzo. Pasipoti mbili, kamera na saa ya mkononi vilikuwa mahali pake.

Meneja, ambaye ni mpwa wa mwenye nyumba, alifanya mambo matatu siku hiyohiyo. Alimpeleka mgeni kituo cha polisi ili tukio liandikwe. Alimrudishia fedha zake kutoka katika mapato ya wiki. Na alimwambia mama anayesafisha vyumba vya ghorofa ile abaki nyumbani kwake Wiyoni mpaka atakapoitwa. La kwanza lilikuwa wajibu, la pili lilikuwa busara ya biashara ingawa lilimuuma, na la tatu lilikuwa kosa, kwa kuwa hakukuwa na jambo lolote lililomtenga mama huyo na watu wengine isipokuwa ufagio wake.

Mimi niliingia siku nne baadaye. Kazi yangu ni hesabu na ulinzi wa mali katika nyumba ndogo za wageni za pwani, na mwenye nyumba, bibi wa makamo anayeishi Mombasa, alinipigia simu akasema: "Mwanangu, nitafutie sefu nzuri. Nimechoka na watu." Tayari alikuwa amepewa bei na muuzaji mmoja: sefu tisa nzito za vyumbani, pamoja na moja kubwa ya ofisini ambayo, kwa maelezo ya muuzaji, inazuia moto na wezi kwa pamoja. Aliniomba nihakikishe bei tu. Nilimwomba aniruhusu nizitazame kwanza zile za zamani, maana sefu iliyofunguliwa bila kuvunjwa haikushindwa kwa wepesi wa chuma chake, na kuongeza unene wa chuma kungekuwa kujibu swali ambalo mwizi hakuliuliza.

Sefu za zamani

Zilikuwa sefu ndogo za aina inayouzwa kila mahali: mwili wa bati la milimita mbili hivi, mlango mnene kidogo kuliko mwili, vibonye vya namba, betri nne ndogo, na tundu la ufunguo wa dharura lililofichwa nyuma ya kibati chenye nembo. Zilinunuliwa miaka sita nyuma kwa mkupuo mmoja. Katika droo ya ofisi nilikuta kijitabu cha maelezo, na katika ukurasa wake wa tatu kulikuwa na namba kuu ya kiwandani, ile inayofungua sefu yoyote ya aina hiyo hata kama mgeni ameweka namba yake mwenyewe. Ilikuwa sifuri sita. Kijitabu chenyewe kilisema kwa herufi nzito kwamba namba hiyo ibadilishwe kabla ya sefu kuanza kutumika.

Nilizunguka na meneja chumba kwa chumba, tukiomba ruhusa pale palipokuwa na wageni. Kati ya sefu tisa, saba zilifunguka kwa sifuri sita. Ya nane betri zake zilikuwa zimekufa na kuvuja, shaba ya ndani imegeuka kijani kwa chumvi, kwa hiyo tuliifungua kwa ufunguo. Ya tisa ilikuwa chumba ambacho meneja hulala nyakati za wageni wachache, naye alikuwa amebadilisha namba kuu ya sefu yake peke yake. Nilimtazama, akatazama dirishani.

Ufunguo wa dharura ulikuwa na kisa chake pia. Ulikuwa kwenye kopo la majani ya chai jikoni, na ufunguo mmoja ulifungua zote tisa. Hili si ajabu katika sefu za bei nafuu: kiwanda hutengeneza kitasa cha aina moja na kukitia katika maelfu ya sefu. Tena sefu mbili zilifunguka bila namba wala ufunguo. Kitasa chao kilitegemea sumaku-umeme ndogo inayovuta pini, na mtu akigonga juu ya sefu kwa ngumi huku akizungusha kishikio, pini huruka kwa sekunde moja na komeo huachia. Niliwaonyesha meneja na fundi wa nyumba. Fundi alijaribu mwenyewe, akafaulu mara ya pili.

Kwa hiyo orodha ya watu walioweza kuchukua yuro 700 haikuwa ya mtu mmoja. Ilimkusanya kila aliyewahi kufanya kazi pale kwa miaka sita, kila aliyewahi kuingia jikoni, kila aliyewahi kusoma kijitabu kama kile mahali pengine popote, na hata mgeni wa chumba cha jirani mwenye ngumi. Nani hasa alichukua hatukujua, na hatujui hadi leo, kwa kuwa sefu zile hazikuwa na kumbukumbu ya ufunguaji. Jambo ambalo lingeweza kusemwa kwa haki lilikuwa moja: mama wa Wiyoni hakuwa na dalili zaidi dhidi yake kuliko mpwa wa mwenye nyumba. Nilimwambia bibi hayo kwa simu, na upande wa pili kukawa kimya kwa muda.

Lipo jambo lingine lililoonyesha kwamba aliyechukua alielewa kazi yake. Hakuchukua zote. Fedha zikitoweka zote kelele hupigwa papo hapo, lakini zikipungua theluthi mgeni huanza kujitilia shaka mwenyewe: pengine alizitumia kijijini Shela, pengine alihesabu vibaya Nairobi. Wageni wengi huligundua pengo wakiwa wamekwisha kuondoka, na hapo nyumba haisikii kitu. Nilipomwuliza meneja kama kulikuwa na malalamiko kama hayo miaka iliyopita, alikumbuka barua pepe mbili alizozijibu kwa upole na kuzisahau.

Bima

Kabla ya kwenda kwa muuzaji niliomba hati ya bima. Hapa ndipo wenye nyumba wengi hujikuta wamejifunika shuka fupi. Hati ile ililipa wizi wa fedha zilizofungiwa ndani ya sefu kwa sharti kwamba pawe na alama za kuvunja au kuingia kwa nguvu, sharti ambalo ni la kawaida katika bima za wizi. Sefu iliyofunguliwa kwa sifuri sita haina alama. Yaani nyumba ilikuwa ikilipia bima kila mwaka dhidi ya mwizi mwenye mtaimbo, ilhali mwizi wake alikuja na kidole. Tangazo lililobandikwa nyuma ya kila mlango, kwamba uongozi hauna dhamana kwa mali ya mgeni, nalo nilimshauri bibi asilitegemee bila kumwona wakili, kwa sababu dhamana ya mwenye nyumba ya wageni kwa mali ya mgeni wake ni jambo la zamani sana katika sheria tuliyorithi kwa Waingereza, na haifutwi kirahisi na karatasi ya ukutani.

Sefu tatu si moja

Kosa kubwa katika pendekezo la muuzaji halikuwa bei. Lilikuwa kuchanganya haja tatu zisizofanana: vitu vya mgeni chumbani, fedha za nyumba pamoja na amana kubwa za wageni, na karatasi.

Nianze na karatasi, kwa kuwa ndizo zenye udanganyifu mwingi sokoni. Sefu ya moto hujazwa kati ya kuta zake mbili kitu kinachohifadhi maji, mara nyingi jasi au zege jepesi, ambacho kikipata joto hutoa mvuke na kuchelewesha ndani kupata moto. Ni ujanja mzuri, lakini bati lake huwa jembamba na mtu mwenye mtaimbo hulifungua mapema kuliko sefu ya wezi yenye ukubwa uleule. Sefu ya wezi nayo, ikiwa chuma kitupu, hugeuka tanuri. Zipo zinazopimwa kwa yote mawili, na bei yake huonyesha hivyo. Ile ya muuzaji haikuwa na cheti cha lolote kati ya hayo mawili, ila kibandiko chenye picha ya mwali wa moto. Tena ni lazima ijulikane ni nini kinachookolewa. Kiwango cha UL, taasisi ya Marekani ya upimaji wa usalama, huweka mpaka wa joto la ndani kwa karatasi katika nyuzi 177 za Selsiasi, na kwa vyombo laini vya kumbukumbu za kompyuta katika nyuzi 52 tu, kwa hiyo sefu iliyookoa hati ya nyumba inaweza kabisa kuyeyusha diski yenye hesabu za miaka mitano.

Katika Lamu kuna kero moja zaidi. Yale maji yaliyomo ndani ya kuta za sefu ya moto hayangoji moto ili yatoke. Hutoka kidogokidogo, na katika hewa yetu yenye unyevu karatasi hushika ukungu ndani ya sanduku lililonunuliwa ili kuzilinda. Nimewahi kuona hati ya mirathi iliyotoka katika sanduku la namna hiyo ikiwa na madoa kama ya mkate wa siku nyingi. Ushauri wangu kwa bibi ulikuwa kwamba hati ya kiwanja isikae katika nyumba ile hata kidogo, juu yake kukiwa na mkahawa wa makuti darini. Ipelekwe benki au kwa wakili, nakala zibaki. Kwa vitabu vya hesabu na mikataba ya wafanyakazi ilitosha sanduku dogo la moto la dakika 60, linalofunguliwa kila Jumamosi lipate hewa, likiwa na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani. Haja moja kati ya zile tatu, iliyokuwa imwingize gharama kubwa, ikawa imeondoka.

Kwa fedha za nyumba nilifuata njia ambayo hunichukua nusu siku na ambayo sijapata muuzaji anayeipenda. Nilichukua vitabu vya miaka miwili nikatafuta fedha taslimu zilizolala ndani kila usiku, na sikutafuta wastani. Nilitafuta usiku mzito kuliko wote. Siku za kawaida zililala shilingi 40,000 hadi 60,000, maana wageni wengi siku hizi hulipa kwa kadi, na wenyeji tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 wamezoea kulipa kwa simu. Lakini juma la Maulidi la mwaka mmoja, benki zikiwa zimefungwa kwa siku kadhaa na mikahawa ikiwa imejaa, zililala shilingi 410,000. Sefu hununuliwa kwa ajili ya usiku ule.

Viwango husaidia hapa. Kile cha Ulaya, EN 1143-1, huipeleka sefu maabara, wataalamu wakaishambulia kwa zana za mikono na za umeme, na muda pamoja na aina ya zana vikageuzwa kuwa alama za ukinzani. Daraja huanzia 0, kisha I, II na kuendelea. Chini yake kuna EN 14450 kwa makabati ya usalama, yenye daraja S1 na S2. Kampuni za bima za Uingereza huchukulia daraja 0 kuwa inafaa kwa fedha taslimu za pauni 6,000 usiku mmoja, daraja I kwa pauni 10,000 na daraja II kwa 17,500, na kwa vito huzidisha mara kumi. Hesabu hizo hazimfungi mtoa bima wa Kenya, naye ndiye aulizwe kwa maandishi kabla ya kununua, lakini zinatoa mizani. Usiku mzito wa nyumba yetu haukufika nusu ya pauni 6,000. Niliongeza amana za wageni, hasa wale wa mashua wanaokuja na fedha za safari nzima, nikapendekeza daraja I na si zaidi. Muuzaji alikuwa amependekeza sefu ya kilo 480 isiyo na daraja lolote. Uzito humvutia mnunuzi kwa sababu anaweza kuujaribu kwa bega lake. Cheti hakijaribiki kwa bega.

Ukuta

Mwandishi wa mahali pengine angeishia hapo. Lamu, sefu haijachaguliwa mpaka ijulikane itasimama juu ya nini na itashikana na nini.

Nyumba zetu za mawe ni matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, mita mbili na nusu na kitu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Boriti hizo zimebeba harusi na matanga kwa vizazi, lakini harusi huenea sakafu nzima, ilhali sefu ya kilo mia kadhaa husimama juu ya nusu mita mraba masaa ishirini na manne kila siku. Sefu nzito haina haki ya kupanda ghorofani. Chini nako kuna ubaya wake: ukuta wa chini hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi, na chokaa humong'onyoka kama unga hadi urefu wa kiuno. Kwa hiyo juu pakavu hapabebi, na chini panapobeba pana unyevu.

Tulichagua chumba kidogo chini ya ngazi, mbali na kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, na kisichoonekana kutoka dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Fundi alimwaga kitako cha zege chenye nondo, kikiinuka sentimita 15 juu ya sakafu, na sefu ikafungwa humo kwa bolti nne kupitia matundu ya chini. Hapa si pa kupuuzwa: EN 1143-1 yenyewe hudai sefu zilizo chini ya kilo 1,000 ziwe na matundu ya kufungia, kwa kuwa sefu isiyofungwa ni mzigo tu, na Lamu kuna mikokoteni. Mchanga wa zege ulikuwa mjadala. Mchanga wa baharini una chumvi inayokula nondo, na vilima vya Shela si vya kuchotwa, maana ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya kisiwa. Tulinunua wa bara, ukavushwa kutoka Mokowe kwa mifuko, na punda wakamaliza safari.

Kwa sefu za vyumbani taabu ilikuwa ukuta wenyewe. Zile za zamani zilikuwa zimefungwa kwa skrubu nne za mbao kwenye rafu ya kabati la plaiwudi. Mtu mzima angeweza kuing'oa rafu na kuondoka nayo kwapani kama mkoba. Muuzaji alitaka kutumia bolti za kupanuka, zile zinazojaza tundu kwa kusukuma pembeni. Katika zege hufanya kazi vizuri. Katika tumbawe hupasua, au hulegea baada ya majuma machache kwa kuwa jiwe lina matundu na chokaa ni laini. Tulitumia vijiti vya chuma kisichoshika kutu vilivyogandishwa kwa gundi ya resini ndani ya soksi ya wavu, sentimita 12 ndani ya ukuta, na kila kimoja kikaachwa siku moja kabla ya kuvutwa. Mtihani ulikuwa wa kienyeji: fundi aliweka mtaimbo nyuma ya sefu akauning'inia kwa uzito wake wote. Sefu moja ya ghorofa ya pili ilitoka na kipande cha ukuta, tukahamia mahali pengine.

Kuta za zidaka, vile vishubaka vya plasta vya mapambo, hatukuzigusa. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na tulikwenda kuuliza watu wa uhifadhi kabla ya kuchimba tundu hata moja. Lakini hata bila ya hilo, mtu anayetoboa plasta ya zidaka ili aweke kisanduku cha bati ana ugonjwa ambao sefu haitautibu. Inafaa kukumbukwa kwamba nyumba yenyewe ilijengwa kwa akili ya ulinzi: daka kwa wapita njia, kiwanda kwa watu wa nyumbani, kisha msana, yaani ukumbi mrefu mwembamba, baada ya msana hadi ndani, ambako mgeni hafiki, na humo ndimo lilimokaa kasha la mbao lenye vipande vya shaba na droo zake za siri. Kugeuza nyumba hiyo kuwa ya wageni maana yake ni kumlaza mgeni ndani kabisa na kumpeleka mwenye nyumba mlangoni.

Sefu za vyumbani zilizochaguliwa

Nilitaka vitu vichache na nilikataa vingine vingi. Komeo liendeshwe na mota badala ya sumaku-umeme, ili ngumi isifue dafu. Ndani paweze kuingia kompyuta ya inchi 15, kwa kuwa sefu isiyomeza kompyuta humfanya mgeni aiache kitandani na kuona hakuna haja ya kufungia vingine. Namba kuu iwe ya kila sefu peke yake. Pasiwe na ufunguo wa dharura unaofanana. Badala yake kiwepo kifaa kimoja cha mkononi cha kufungulia, chenye namba yake, ambacho kila kikitumika sefu huandika. Kumbukumbu ihifadhi ufunguaji usiopungua 100, ikionyesha tarehe, saa, na kama ni namba ya mgeni au ni kifaa. Namba ikikosewa mara tatu au nne, sefu ijifunge kwa dakika kadhaa.

Alama za vidole nilizikataa bila mjadala mrefu. Mgeni anayetoka baharini na mafuta ya nazi mikononi hafunguliwi na kioo, na baada ya siku mbili nyumba inabaki na vidole vya watu waliokwisha kurudi kwao.

Bei ya sefu moja ilikaribia mara mbili ya zile za muuzaji wa kwanza, lakini kwa kuwa ile kubwa ilikuwa ndogo zaidi na hati imehamia benki, jumla ilipungua. Bibi aliuliza kwa nini alipe zaidi kwa bati lilelile jembamba. Ni kweli, bati ni lilelile. Sefu ya chumbani haijengwi kumzuia mtu mwenye msumeno na nusu saa. Kinacholipiwa ni kwamba kila mkono unaoingia humo utaacha saa na dakika yake.

Usafirishaji nitaupitia haraka. Sefu ya daraja I ilikuwa na kilo 210, na tulingoja bamvua, siku za maji makuu, maji yajae ili sitaha ya mashua ikaribie usawa wa gati. Kuishusha maji yakiwa yametoka kungehitaji watu wengi zaidi na dua. Makuli waliipitisha vichochoroni kwa mkokoteni, wakakwama kwenye pembe moja ambayo nilikuwa nimeipima upana lakini sikupima baraza iliyojitokeza. Kosa hilo ni langu.

Taratibu, na aliyezitunga

Bibi alikuja mwenyewe kutoka Mombasa kwa ajili ya ufungaji, na kabla ya kitu kingine akaenda Wiyoni pamoja na mpwa wake. Walimlipa yule mama siku zote alizokaa nyumbani, wakamwomba radhi. Alikubali kurudi. Alisema, "Bibi, mimi nimesamehe, lakini sefu ikifunguliwa na kile kidude, nami niitwe nitie sahihi." Mimi nilikuwa nimeandika kurasa mbili za taratibu, na sharti lake lilikuwa bora kuliko zote. Likawa ndilo kanuni ya kwanza: kifaa cha mkononi hukaa ndani ya sefu kubwa, namba yake anayo meneja, lakini sefu ya mgeni haifunguliwi isipokuwa mgeni yupo na mfanyakazi wa pili yupo, na watatu hao hutia sahihi katika daftari.

Mengine yalikuwa madogo lakini hayaachwi. Namba kuu zilibadilishwa sefu zingali katika maboksi, na bahasha yenye namba hizo ikafungwa kwa lakiri na kupelekwa Mombasa. Betri ni za alkali, hubadilishwa zote nne kwa pamoja kabla ya msimu wa Desemba na tena masika yakianza, wakati nyumba inapofungwa baadhi ya vyumba. Na katika vyumba vilivyofungwa betri huondolewa kabisa, kwa sababu betri iliyosahauliwa miezi miwili huvuja. Baada ya kubadilisha, saa ya ndani hukaguliwa, maana inaweza kurudi nyuma hadi ya kiwandani na kumbukumbu ikawa inasema kweli kwa saa ya uongo. Mgeni akitoka, mlango huachwa wazi ili anayemfuata aone patupu. Mgeni mwenye zaidi ya anachoweza kupoteza huombwa akiweke katika sefu kubwa kwa bahasha iliyofungwa na risiti. Nyumba haihesabu kilichomo, huandika tu kwamba imepokea bahasha.

Kumbukumbu zilisomwa mara ya kwanza mwishoni mwa Machi. Sefu nane hazikuwa na neno. Ya tisa, chumba cha ghorofa ya pili, ilionyesha imefunguliwa kwa kifaa tarehe 19 saa nane na dakika arobaini mchana, na katika daftari hapakuwa na kitu. Mama wa Wiyoni aliulizwa. Alisema hakuitwa siku hiyo. Meneja alikaa kimya, kisha akasema mgeni alikuwa amesahau namba yake, mashua ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda ilikuwa ikingoja, na yeye alikimbia juu peke yake. Mgeni aliandikiwa barua pepe, akathibitisha kila neno. Bibi aliagiza hata hivyo jambo lile liandikwe kwa tarehe yake, kwa wino mwekundu, na aliyetakiwa kusimama kama shahidi wa kuandika akawa yule mama, ambaye alitia sahihi polepole, akaomba na nakala.